"Tubber" kwenye ramani ya Ayalandi ni nini?

SWALI: Dada shikamoo. Nilikua naangalia ramani ya Ayalandi naona Tubbercurry, Ballintubber, Tobermore, ivi hiyo "tubber" ni nini? Afu kuna mtu kaniambia eti huko kisima kikiudhika kinahama, ni kweli wanasema ivo?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hapo umegusa kitu nakipenda sana. Tobar kwa Kiayalandi ni kisima, au chemchemi, kwa hiyo Ballintubber ni Baile an Tobair, yaani mji wa kisima, na hata Tipperary ni Tiobraid Árann, kisima cha Ara. Shida ni kwamba karne ya 19 wapima ramani wa serikali ya Uingereza waliandika majina kwa tahajia ya Kiingereza, ndo mana ukisoma leo maana imejificha. Inaniuma, kwa sababu mara nyingi jina ndo lilikua linakwambia kazi ya kisima. Tobar na Súl ni kisima cha macho, watu wananawa macho pale. Kule Kerry kuna Gleann na nGealt, bonde la vichaa, na kisima chake Tobar na nGealt, waliamini mtu aliyechanganyikiwa akinywa maji yale na kula majani yanayoota humo akili inarudi.

Na kuhama, ndio, wanasimulia hivyo sehemu nyingi. Mama kafua nguo chafu kisimani, kesho yake wanakuta pakavu kabisa, maji yametokea shamba la pili ng'ambo ya ukuta. Wengine wanasema maji ya kisima kitakatifu hata uyaweke jikoni siku nzima hayachemki. Visa hivi tunavyo kwa wingi kwa sababu mwaka 1937 hadi 1939 watoto wa shule za msingi walitumwa wawaulize wazee wao nyumbani, wakaandika kwenye madaftari, na madaftari yale yapo mpaka leo. Kazi nzuri sana ile jamani.

Ukifika huko utaona watu wanazunguka kisima kwa kufuata jua huku wanasali, na mti wa pembeni umefungwa vitambaa vingi, vingine vimeshafifia rangi. Usifungue hata kimoja. Imani yao ni kwamba kitambaa kikioza na ugonjwa unaisha, ukikichukua umebeba ugonjwa wa mwenyewe.