Sukuma wiki na karoti za majira ya vuli huko Atlanta
Ndugu, umeuliza kama mwanzo wa Septemba ni kuchelewa kupanda sukuma wiki na karoti huko Atlanta, na kwa nini karoti zako za mwaka jana zilitoka zimegawanyika kama miguu. Hujachelewa, kwa kuwa baridi ya kwanza ya kugandisha kwa kawaida hufika huko kama katikati ya Novemba. Ila kwa sukuma wiki tumia miche badala ya mbegu, uipande kwa nafasi ya sentimita 45, na kila unapomwagilia pindua majani, maana viwavi wa kijani hujilaza sambamba na mshipa wa jani wasionekane.

Karoti ndizo zitakazokusumbua. Udongo mwekundu wa Georgia, jimbo la Marekani ulimo mji wa Atlanta, ni wa mfinyanzi mzito, na mzizi ukikutana na bonge gumu au jiwe hugawanyika. Kwa hiyo inua tuta la sentimita 30, changanya mboji iliyooza vizuri (samadi mbichi hapana), na uchague aina fupi kama Chantenay. Mbegu zifukie nusu sentimita tu, kisha uzifunike kwa gunia lenye unyevu, kwani jua bado ni kali na udongo ukifanya ukoko hazitoboi. Chungulia kila siku, uliondoe gunia mara tu uonapo vichipukizi, na baadaye punguza miche ibaki umbali wa sentimita 5.

Kwa maoni yangu, sukuma wiki usiichume kwa wingi kabla baridi haijaipiga, kwa sababu ndipo majani huwa matamu zaidi.