Shemeji hajalogwa: mapafu yanaweza kupona, kichwa kikabaki kinaumwa

Dada wa Makambako, pole sana. Umeandika kwamba mumeo alilazwa kwa Korona, akawekewa oksijeni, akaruhusiwa. Sasa miezi imepita, usiku halali, analia bila sababu, mtoto akidondosha kikombe anafoka. Malaria, sukari na presha vimepimwa, viko sawa. Upande wa kwao wanasema kuna mkono wa mtu. Wewe unauliza kama kirusi kinaweza kuondoka kikaacha huzuni.

Kabla ya yote, lile neno alilosema juzi, kwamba bora asingepona, lisikupite. Mpeleke hospitali leo, usingoje tarehe ya kliniki. Na kama hapo nyumbani mnaweka dawa za viazi au za mahindi, zitoe zote, zikafungiwe kwa jirani. Huku kwetu sumu za shambani zinakaa chini ya kitanda kama sabuni, na mtu aliyekata tamaa hahitaji zaidi ya dakika moja.

Swali lako sasa. Ndiyo, kinaweza. Mimi si daktari, nauza maharage hapa Mwanjelwa, Mbeya, lakini haya yalinikuta baada ya wimbi la 2021. Nilirudi sokoni nikiwa napumua vizuri kabisa. Akaja mteja wangu wa Tunduma, akataka maharage ya njano na mekundu, bei mbili tofauti, akauliza jumla. Nikaandika bei ya debe, nikaandika idadi, nikaishia hapo. Hesabu ambayo siku zote naifanya huku naongea na simu! Mteja kanyamaza, kijana wa kupakia kainama anajifanya anafunga gunia. Nikaingia stoo, nikakaa juu ya magunia nikalia, na hakuna kilichokuwa kinaniuma. Usiku naamka saa nane, moyo unaenda mbio, baridi ya Julai unaijua, nakaa macho mpaka nasikia malori ya viazi yakitoka Uyole.

Daktari wa afya ya akili ndiye aliyenifungua macho. Kirusi kikiingia, askari wa mwili hutoa kemikali za kuitana, zinaitwa saitokaini. Hizo ndizo zinazoleta inflamesheni, yaani ule mwako wa mwili unapopigana na ugonjwa, na taarifa zake hufika hadi kwenye ubongo. Ndiyo maana hata ukiwa na mafua ya kawaida hutaki kula, hutaki watu, unataka kulala tu. Kwa siku chache hiyo inakusaidia upumzike. Shida inakuja pale kirusi kimeisha na askari hawajarudi kambini. Inflamesheni inayoendelea inavuruga hata namna mwili unavyotumia tryptofani, malighafi ambayo ubongo unaitumia kutengeneza serotonini, na serotonini ina kazi kwenye usingizi na hisia. Jambo hili lilijulikana kabla ya Korona: wagonjwa wa homa ya ini C waliokuwa wakichomwa sindano za interferoni, ambayo nayo ni saitokaini, wengi walipata sonona, ile huzuni nzito ya ugonjwa, wakiwa kwenye dawa, hata ambao hawakuwahi kuwa nayo.

Mwaka 2020 madaktari wa hospitali ya San Raffaele, Milano, Italia, waliwafuatilia watu 402 waliougua Korona, kama mwezi mmoja baada ya matibabu. Zaidi ya nusu walikuwa na dalili za angalau tatizo moja la akili: wasiwasi asilimia 42, kukosa usingizi 40, sonona 31. Na waliokuwa na alama kubwa za inflamesheni kwenye damu ndio waliokuwa na wasiwasi na sonona zaidi. Alama zenyewe zilitoka kwenye picha ya damu ya kawaida, ile FBP: chembe sahani (zinazogandisha damu) mara nyutrofili, gawanya kwa limfosaiti, hizi mbili ni aina za chembe nyeupe. Lakini usianze kupiga hesabu na karatasi ya shemeji. Hicho ni kipimo cha utafiti, na FBP nzuri haimaanishi mtu anadeka.

Wala sikubaliani na wanaosema yote ni damu. Shemeji alilala wodini akihangaika kupata pumzi, pengine wa kitanda cha pili aliondoka akimwona. Hilo nalo ni jeraha. Mimi dawa zilinisaidia, ila zilichukua wiki kadhaa kabla sijaona tofauti, na kukaa kuongea na mtu aliyesomea kulinisaidia vilevile. Mkifika hospitali ya rufaa, Njombe au Mbeya, ulizia kliniki ya afya ya akili kwa jina hilohilo, na wewe mwenyewe useme habari ya usingizi na kulia, kwa sababu wanaume tukiulizwa tunajibu "kifua kiko poa" na mambo yanaishia hapo.

Wakwe usigombane nao. Shangazi yangu wa Tukuyu aliniombea kila jioni, nikamshukuru, na dawa nikameza.

Kuna atakayekushauri ununue deksamethasoni duka la dawa "ikaondoe inflamesheni". Kataa. Ile iliokoa watu waliokuwa kwenye oksijeni, chini ya uangalizi. Kwa mtu wa hali ya shemeji inaweza kumnyima usingizi zaidi na kumchafua akili.

Na umesema anaendesha lori la Songea. Asiguse usukani wakati halali. Daktari amwandikie ED, ile ruhusa ya kupumzika kazi, ili bosi apate karatasi, na mkipewa dawa mwulize kama inaleta usingizi, kwa sababu baadhi zinaleta, na barabara ile ina kona.