Kabla ya kununua dawa, mtazame mdudu usoni

Msimu uliopita niliharibikiwa magunia mawili ya mahindi kwa sababu ya neno moja: fukusi. Hapa Nachingwea kila kidudu kinachotoboa nafaka tunakiita hivyo. Nilifika dukani nikasema nina fukusi, nikapewa dawa ya unga, nikachanganya kama nilivyoelekezwa. Baada ya miezi miwili magunia yamekuwa mepesi, na sakafuni chini yake kumejaa unga.

Unga ule ndio ulionishtua, maana fukusi hatoi unga mwingi kiasi kile. Nikamwaga mahindi kidogo kwenye sahani nyeupe, nikamvuta mdudu karibu kwa kamera ya simu.

Fukusi halisi ana pua ndefu kama mkonga, mdomo uko nchani, na vipapasio vimepinda kama kiwiko. Mgongoni mara nyingi ana madoa manne ya rangi nyekundu iliyofifia. Wangu hakuwa na pua. Ukimtazama kwa juu kichwa hukioni, amekificha chini ya kifua mithili ya kobe. Mwili ni mviringo kama kipande cha penseli, na nyuma ni kama amekatwa kwa kisu. Huyo ni dumuzi, ambaye wengine wanamwita Scania. Asili yake ni Amerika ya Kati, na hapa Tanzania alianza kusumbua Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Tofauti hii ni ya pesa kabisa. Kiambato cha dawa kiitwacho pirimifosi-methili kinamuua fukusi vizuri lakini dumuzi anakistahimili; kile kiitwacho permethrini ndicho kinachomweza dumuzi. Ukiwaona wote wawili, au ukiwa na shaka, ulizia dawa yenye vyote viwili na usome kibandiko mwenyewe. Pia pukuchua mahindi mapema, kwani dumuzi hustawi zaidi kwenye mahindi yaliyo bado kwenye magunzi.

Usihangaike kutenganisha fukusi wa mahindi na wa mchele. Kwa nje wanafanana mno, hata wataalamu huwapasua ndipo wawatofautishe, na dawa ni ileile. Yule tunayemwita fukusi kwenye kunde hana pua. Mjue kwa vijiyai vyeupe vilivyogandishwa juu ya punje.

Mwisho nilitafuta dumuzi wangu alikotokea. Nyuma ya mahindi palikuwa na kiroba cha makopa (mihogo mikavu) ya mama mkwe. Nilipolishika kopa moja, lilivunjikia mkononi likawa vumbi, na ndani wamejaa wao. Mwaka huu makopa yanakaa chumba kingine, na kila Jumamosi nayapitia na sahani yangu nyeupe.