Kimo cha rejea, wadogo zangu

Nimeletewa tena grafu ya lida, leza yetu inayopima anga kwa mwanga unaorudi, yenye uwiano wa mtawanyo (mwanga uliorudi ukigawanywa kwa ule ambao hewa tupu ingerudisha) wa 0.93 kwenye kilomita 24. Jamani! Molekuli za hewa peke yake zinatoa 1. Huko chini ya hewa tupu kuna nini?

1. Chora ishara ghafi kwanza, iliyosahihishwa kwa mraba wa umbali, kabla skripti haijaigusa.

2. Kimo cha rejea, yaani kimo tunachokichukulia kuwa hewa tupu ili kusawazisha ishara. Hapa ndipo nilipoumbuka mimi. Skripti niliyorithi ilisawazisha ishara kati ya kilomita 30 na 33, kwa maelezo kwamba huko hakuna erosoli, yaani chembe na matone yanayoelea hewani. Sikuuliza. Volkano za Kelud ya 2014 na Raikoke ya 2019 zilimwaga vitu vyao chini ya hapo, skripti ikaonekana ina akili.

Tarehe 15 Januari 2022 volkano ya Hunga ikalipuka kule Tonga na kurusha mvuke na gesi hadi zaidi ya kilomita 50. Siku chache baadaye upepo wa stratosfea ukalileta wingu Bahari ya Hindi. Mimi nikaona uwiano umeshuka chini ya 1, nikasema basi, leza na darubini vimepishana. Nikazima leza usiku mweupe kabisa, nikaanza kukaza na kulegeza skrubu za kioo. Nikafuta dirisha la paa. Nikabadilisha kipokea fotoni. Faili zote nikazipachika neno "mbovu", kwa kujiamini kabisa.

Fundi wetu, mzee wa tangu enzi za mlipuko wa Pinatubo, 1991, akaniuliza jambo moja tu: "Ghafi umeitazama?" Tukaichora. Kwenye kilomita 31 ishara ilikuwa na nundu kama ya ng'ombe. Nilikuwa nimesawazisha juu ya wingu lenyewe! Skripti imelihesabu kuwa hewa safi, kisha ikateremsha kila kilichokuwa chini yake. Wala sina kisingizio, maana moshi wa mioto ya Australia ulishafika kilomita 35 mwaka 2020.

Faili "mbovu" tulizikokotoa upya. Saa nilizozima leza hazikurudi, na hizo ndizo siku dioksidi ya salfa ilipokuwa ikigeuka matone ya asidi. Bado inaniuma.

3. Depolarizesheni, yaani kiasi ambacho mwanga unaorudi umegeuza mwelekeo wa mtetemo wake, isomeni kila usiku. Matone ya asidi ni mviringo, yanatoa karibu na sifuri. Majivu na barafu hutoa kubwa. Kwa hiyo peke yake haitoshi: kuna kijana alimwamsha mkuu saa nane usiku kwa "majivu" ya kilomita 15. Ukanda huu wa tropiki, kilomita 15 ni kwa sirasi, mawingu membamba ya barafu. Mkuu akaja na malapa, akatazama skrini, akanywa chai yetu yote, akarudi kulala bila neno. Huyo kijana leo anafundisha wenzake, na sirasi hazimdanganyi tena.

4. Mandharinyuma, yaani mwanga na kelele zisizotokana na leza, ipimeni juu ya kilomita 80, si 50.

5. Setilaiti ya CALIPSO ilitupimia erosoli kutoka angani tangu 2006, ikakoma 2023. Kwa hiyo anga likiwa wazi, leza iwake. Mkitilia shaka kimo cha rejea, kipandisheni hadi 40 kama fotoni zinatosha. Zisipotosha, unganisheni data za saa nzima. Skripti mtabishana nayo mchana.