Vidonge vya Kuongeza Damu Viliniponza

Juzi usiku dada mmoja aliniandikia. Anaishi na baridi yabisi mwaka wa sita sasa, amepimwa damu ikaonekana imeshuka, na muuza dawa amemshauri anunue vidonge vya kuongeza damu ameze kutwa mara tatu. Swali lake lilikuwa fupi: "Dada, nimeze tu au kuna madhara?"

Nilianza kumjibu, nikafuta. Nikaanza upya, nikafuta tena. Swali hilo nilijiuliza mimi miaka minne iliyopita, nikajijibu mwenyewe, na jibu langu likanilaza hospitali nikitundikiwa chupa tatu za damu.

Ikasadifu kwamba asubuhi ya siku hiyo hiyo nilikuwa nimetoka kuchukua majibu yangu. Wekundu wa damu: 12.6. Kwa mwanamke asiye na mimba, chini ya 12 ndiyo huitwa upungufu, na 12 sikuwahi kuiona tangu vidole vyangu vianze kuvimba. Niliisoma ile karatasi mara nne nikiwa nimesimama kwenye korido, machozi yananitoka, na sioni aibu kusema nilijivunia. Namba ile nimeihangaikia.

Basi ngoja nisimulie, mtaona kwa nini sikuweza kumjibu kwa mistari miwili.

Mnaougua baridi yabisi kama mimi mnazijua asubuhi zetu. Unaamka vidole vimekakamaa, ngumi haifungi, kifungo kimoja cha nguo kinakula dakika tano. Uchovu nao tumeuzoea, tena tumeuzoea mno, kiasi kwamba uchovu mwingine ukija hatuutambui. Wangu ulibadilika polepole. Ule wa zamani ulikuwa unalegea jua likipanda. Huu mpya ulishinda nami mpaka usiku. Nikipanda ngazi moyo unanipiga masikioni. Nikilala miguu haitulii. Halafu nikashikwa na hamu ya kutafuna barafu. Nilikuwa namaliza bakuli zima peke yangu jikoni, taa imezimwa, na sikumwambia mtu kwa kuwa niliona ni jambo la ajabu. Kumbe hamu ya barafu ni dalili inayojulikana kabisa ya kupungukiwa madini ya chuma.

Nilipopima mara ya kwanza damu ilikuwa 9.8. Aliyenihudumia hakuinua macho kwenye karatasi. "Damu yako ndogo, utameza hivi." Vidonge vya feras salfeti vya miligramu 200, kimoja kutwa mara tatu. Kidonge kimoja cha aina hiyo kinabeba kama miligramu 65 za chuma chenyewe, kwa hiyo nilikuwa naliingizia tumbo langu karibu miligramu 200 za chuma kila siku. Hakuniuliza damu inaenda wapi. Hakuniuliza natumia dawa gani za maumivu. Hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu swali moja tu lingetosha.

Na mimi sikusema. Nilikuwa nameza diklofenaki asubuhi na jioni, siku mbaya na cha tatu mchana, juu ya prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe niliyokuwa nimeandikiwa. Diklofenaki nilikuwa nainunua mwenyewe. Niliogopa kwamba nikiitaja nitakatazwa, na bila hiyo nisingeweza hata kushika kijiko. Nikanyamaza. Dawa za kundi hilo, pamoja na ibuprofeni na naproksini, hudhoofisha ute unaolinda ukuta wa tumbo, na zikimezwa pamoja na prednisoloni hatari ya vidonda inakuwa kubwa zaidi. Sikulijua hilo, lakini nilijua nilikuwa naficha kitu.

Kuna jambo dogo la kile kichupa ambalo sijawahi kuliandika. Kizibo chake kilikuwa cha kubonyeza huku unazungusha, kile kilichotengenezwa ili watoto wasifungue. Kwa vidole vyangu ilikuwa vita. Nilikuwa nakibana kichupa katikati ya magoti, nafunika kizibo kwa kitambaa chenye unyevu, nasukuma kwa kiganja, na mara nyingi namalizia kwa meno. Siku moja nilichoka. Nikavimimina vidonge vyote kwenye kikombe, nikakiacha kando ya kitanda. Jioni yake nikamkuta mtoto wa ndugu yangu, wa miaka miwili, amekaa sakafuni, vidonge vitano vimepangwa mstari mbele yake na cha sita kiko mkononi kinaelekea mdomoni. Rangi nyekundu inayong'aa, kama peremende. Nilimrukia nisikumbuke kwamba magoti yananiuma.

Madini ya chuma ni sumu kwa mtoto mdogo. Vidonge vichache tu vinaweza kumuua. Ndugu zangu wenye mikono kama yangu, mwombeni mtu mzima awafungulie, atoe dozi za wiki nzima, aziweke kwenye kisanduku kilicho ndani ya kabati lenye kufuli. Msifanye nilivyofanya.

Turudi kwenye tumbo. Wiki ya pili choo changu kikawa cheusi. Niliuliza, kila mtu akaniambia ni kawaida, vidonge vya kuongeza damu vinafanya hivyo. Na ni kweli, vinafanya hivyo. Ukweli huo ndio ulioniponza. Choo cha chuma ni cheusi chenye kuelekea kijani kibichi, mara nyingi kigumu, na harufu yake si tofauti na siku zote. Choo chenye damu iliyotoka tumboni ni cheusi kama lami, kinateleza na kunata, kinang'aa, na kina harufu nzito ambayo ukishaikuta huisahau. Changu kilibadilika kutoka cha kwanza kwenda cha pili kati ya mwezi wa tatu na wa nne. Niliona. Nilisikia harufu. Nikajiambia ni vidonge. Damu ilipogoma kupanda nikaongeza cha nne kwa siku kwa mamlaka yangu mwenyewe, nikapata kichefuchefu, choo kikafunga siku tatu, kikafunguka kwa ile lami.

Nilianguka alfajiri, nikielekea msalani. Nakumbuka ubaridi wa sakafu shavuni na sauti ya mtu anayeita jina langu kutoka mbali. Damu: 5.9. Walipoingiza kamera tumboni walikuta vidonda viwili, kimoja kinavuja.

Yaliyofuata hospitalini nayapita. Siku ya nne ndipo alipokuja daktari ambaye nitamwombea heri maisha yangu yote. Alivuta kiti, akakaa, akaniuliza lile swali la dawa za maumivu. Nikamwambia kila kitu.

Akanieleza jambo ambalo kila mgonjwa wa baridi yabisi alipaswa kuelezwa siku ya kwanza. Sisi damu yetu hupungua kwa njia zaidi ya moja. Njia ya kwanza ni ugonjwa wenyewe. Kinga ya mwili inapopigana na viungo, ini hupokea taarifa hiyo na kutoa homoni iitwayo hepsidini. Hepsidini hufunga milango: chuma kilichomo ghalani kinabaki ghalani, na kile unachomeza kinashindwa kupenya ukuta wa utumbo kuingia kwenye damu. Mwili una chuma, lakini uboho unaotengeneza damu haukipati. Mtu wa namna hii hata akimeza kopo zima, damu haipandi inavyotakiwa, kwa kuwa tatizo lake ni moto wa ugonjwa, na dawa yake ni kuuzima moto huo. Njia ya pili ni kuvuja, kama nilivyovuja mimi, au hedhi nzito, na hapo chuma kweli kimekwisha. Na mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili kwa pamoja. Mimi nilikuwa mtu huyo.

Kujua uko upande gani si kwa kuangalia macho wala kucha. Kuna kipimo cha ferritini, kinachoonyesha akiba ya chuma. Hapa ndipo wengi tunapodanganywa na karatasi, kwa sababu ferritini hupanda yenyewe mwili ukiwa na uvimbe. Mtu mwenye afya akiwa na ferritini chini ya 30 tunasema chuma kimemwishia. Mwenye baridi yabisi inayowaka anaweza kuwa na 60 au 80, maabara ikaandika "kawaida", naye ghala lake ni tupu. Ndiyo maana madaktari wengi humtilia shaka mgonjwa wa namna hiyo mpaka afikie 100, na huitazama pamoja na kipimo cha uvimbe kiitwacho CRP na kiwango cha transferini, protini inayosafirisha chuma kwenye damu, iliyobeba chuma. Ferritini yangu ilikuwa 64. Transferini iliyobeba chuma ilikuwa asilimia 9, wakati chini ya 20 tayari ni dalili ya upungufu. Kwa ferritini pekee ningeambiwa sina shida ya chuma.

Nilisimamishwa diklofenaki siku hiyo hiyo. Nikapewa omeprazoli ya kuponya vidonda, na kwa kuwa omeprazoli nayo hupunguza ufyonzwaji wa chuma, na milango yangu ilikuwa imefungwa, chuma nikapewa kwa dripu. Halafu ikaongezwa methotreksati ili kuuzima ugonjwa wenyewe. Ilichukua miezi. Maumivu ya wiki zile za mwanzo bila diklofenaki siwezi kuyaeleza hapa.

Vidonge nilivirudia baadaye, uvimbe ulipotulia, na safari hii kwa utaratibu mwingine kabisa: kimoja, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Nilidhani daktari amekosea. Akanieleza kwamba dozi ya chuma yenyewe huamsha hepsidini kwa muda wa siku nzima hivi, kwa hiyo kidonge cha mchana na cha usiku vinakuta mlango umefungwa na kile cha asubuhi. Kinachobaki kinachoma tumbo bure. Tangu hapo kichefuchefu kiliisha, na damu ikawa inapanda polepole: 10.4, 11.1, 11.7, ikasimama miezi miwili nikakata tamaa, kisha 12.6.

Sasa nawaambia wote mliofika hapa. Pimeni kwanza. Msinunue vidonge vya kuongeza damu kwa sababu jirani alivitumia vikamsaidia. Mwili hauna njia ya kutoa chuma kilichozidi zaidi ya kutoka damu. Kikizidi kinakaa kwenye ini na moyo. Pimeni ferritini na CRP siku moja, mjue kinachopungua ni nini. Na mkiambiwa mmeze, ulizeni kwa nini, kwa muda gani, na lini mtapimwa tena. Damu ikiwa haijapanda baada ya wiki nne na unameza vizuri, hilo ni jibu, rudi kwa daktari ukaliseme. Ikipanda, usiache siku hiyo hiyo. Akiba nayo inahitaji kama miezi mitatu zaidi kujaa.

Kumeza chenyewe ni rahisi. Tumbo likiwa tupu ni bora, likikataa basi na chakula kidogo. Chai, kahawa na maziwa viwe mbali kwa saa moja au mbili. Kitu chenye vitamini C kinasaidia. Dawa za kutuliza asidi na vidonge vya kalsiamu visikutane na chuma, na mwenye dawa nyingine za kila siku amwonyeshe mfamasia zote kabla hajaanza.

Na tafadhali, wale wa methotreksati: asidi foliki mnayopewa siyo vidonge vya chuma, ingawa watu huviita vyote "vya damu". Methotreksati yenyewe inaweza kushusha damu, na asidi foliki ipo kuwalinda na madhara yake. Methotreksati ni mara moja kwa wiki. Kwa wiki, si kwa siku. Kuna watu wamepoteza maisha kwa kuchanganya hilo, na kwenye mifuko yetu iliyojaa dawa ni rahisi sana kuchanganya.

Semeni kila mnachomeza. Semeni hata mlichokinunua kwa siri, hata kama anayewahudumia haonyeshi hamu ya kusikia. Mgonjwa anayeficha dawa yake ya maumivu anamfunga daktari macho, na mimi nilimfunga wangu wa kwanza, hata kama naye hakutaka kuona. Choo kikiwa kama lami, usisubiri asubuhi.

Mwisho nilimjibu yule dada. Sikumwambia ameze wala asimeze. Nilimuuliza: "Dawa gani ya maumivu unatumia, na mara ngapi kwa siku?"

Akajibu haraka: "Ibuprofeni tu, za kawaida. Vinne, siku nyingine sita. Kwani ina uhusiano gani na damu?"

Nilimpigia simu usiku ule ule. Tuliongea saa nzima, na alfajiri alikuwa kwenye foleni ya hospitali na vichupa vyake vyote ndani ya mfuko.