Maswali na majibu: Ukibonyeza AUTO, nani anaamua joto la garini?

Maswali ya kiyoyozi cha gari yamelundikana, na mengi yanazunguka kitufe kimoja. Yanayofanana nimeyaunganisha.

Gari langu la zamani lilikuwa na swichi ya kuzungusha, bluu upande huu, nyekundu upande ule. La sasa lina namba: 20, 22, 25. Kwani si mambo yale yale?

Vifaa karibu ni vile vile, anayeviendesha ndiye aliyebadilika. Kwa swichi ya zamani ulikuwa unachagua hewa itoke baridi au moto kiasi gani. Jua likikaza unazungusha, wingu likifunika unazungusha tena. Kwa AUTO unataja joto unalotaka ndani ya gari, halafu mfumo unatafuta wenyewe namna ya kulifikia na kulishikilia.

Ndiyo maana nyuzi 22 si joto la hewa inayokupiga usoni. Gari likitoka juani, hewa ya matunduni itakuwa chini kabisa ya hapo. Asubuhi ya baridi kali, injini ikishapata moto, inaweza kufika hata maradufu.

Kinachowashangaza wengi ni kwamba kiyoyozi hakiipozi hewa hadi 22 kisha kikaishia hapo. Katika magari mengi ya injini, hewa yote hupita kwanza kwenye evaporeta, ile koili baridi iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Koili hiyo haiachwi ishuke chini ya sifuri, maana unyevu ungegandia juu yake na kuziba njia. Mbele yake kuna kilango kinachosukumwa na mota ndogo. Kilango kinagawa hewa: sehemu inapitishwa kwenye hita, yenye maji ya moto kutoka kwenye injini, na sehemu inakwepeshwa. Kisha zote mbili zinakutana, kama mtu anayechanganya maji ya kuoga. Kwa hiyo mara nyingi gari linaipoza hewa na kuipasha moto ndani ya sekunde hiyo hiyo. Ni ubadhirifu kidogo, nakubali, na magari mengi ya karibuni hupunguza hasara hiyo kwa kuiacha koili isiwe baridi kupita inavyohitajika.

Kilango kikae wapi? Hapo ndipo sensa zinapoingia. Moja inapima joto la ndani, nyingine joto la nje (kwa kawaida imejificha mbele, nyuma ya bampa au grili), nyingine ukali wa jua, nyingine ubaridi wa koili yenyewe, na moja joto la maji ya injini. Kompyuta inachukua vipimo hivyo pamoja na namba yako, inakokotoa hewa inayopaswa kutoka iwe na joto gani, kisha inapanga kilango, kasi ya feni na matundu ya kutumia. Halafu inapima tena, na tena, safari nzima. Wazo si geni: Cadillac waliuza mfumo wa kujirekebisha wa namna hii kwenye magari yao ya 1964, kabla kompyuta hazijaingia kwenye magari.

Gari likiwa limeungua juani mimi huweka LO, ile baridi ya mwisho kabisa, ili lipoe haraka, kisha narudisha 22. Mume wangu anasema najisumbua bure. Nani mkweli?

Mume wako, dada, ila usimwambie kwa sauti kubwa. Ndani kukiwa na joto kali, ukiweka 22 mfumo unaona pengo kubwa na unafanya kila uwezalo: hita inafungwa, feni inapanda, na magari mengi hujifungia hewa ya ndani ili izunguke badala ya kuvuta ya nje. Hakuna baridi ya akiba inayosubiri LO. Tofauti ni kwamba LO haina lengo. Inapuliza baridi yote bila kukoma mpaka uiondoe, nawe unaishia kutetemeka.

Kinachosaidia kweli ni kufungua vioo au milango kwanza. Hewa iliyofungiwa garini huwa na joto kupita ya nje, na kuitoa ni rahisi kuliko kuipoza. Dakika ya kwanza endesha vioo vikiwa wazi, kisha funga.

Nimeacha 22 siku zote, lakini mchana napulizwa baridi na usiku hewa inakuwa vuguvugu. Imeharibika?

La. Jua likipenya kioo na kukupiga kifuani unahisi joto hata kama hewa iliyokuzunguka ni nyuzi 22. Sensa ya jua, kile kidude kama kitufe cheusi juu ya dashibodi karibu na kioo cha mbele, inaiambia kompyuta iongeze baridi. Jua likizama, nyongeza hiyo inaondolewa.

Sasa tazama dashibodi yako. Kuna kitambaa, karatasi, miwani? Ukiifunika sensa, gari linadhani ni usiku, nawe utalalamika kwamba AC ni dhaifu mchana. Pia kuna sensa ya joto la ndani, ambayo kwenye magari mengi hujificha nyuma ya kigrili kidogo karibu na usukani na kuvuta hewa kidogo kidogo. Vumbi likiijaza, inachelewa kupata habari, na utasikia feni ikipanda na kushuka bila sababu.

Mvua ikinyesha nabonyeza kitufe cha kuondoa ukungu kwenye kioo, na taa ya AC inawaka. Baridi ya nini na mimi nataka joto?

Koili baridi ndiyo inayokausha hewa. Unyevu unanasa juu yake, unakuwa maji na kudondoka chini ya gari (dimbwi lile dogo ukiegesha, usilihofu). Hewa kavu ikipashwa moto baadaye inafuta ukungu upesi. Usiizime AC hapo, na usizungushe hewa ya ndani, maana pumzi zenu ndizo zinazoleta unyevu.

Asubuhi ya baridi naweka AUTO na feni haisikiki kabisa.

Inasubiri maji ya injini yapate moto. Ingepuliza sasa ingekupa baridi tu. Subiri nayo.

Shikamoo fundi. Nyuma ya dashibodi kuna sauti ya tik-tik-tik nikiwasha gari, na upande wa abiria hauitikii nikibadilisha joto. Gereji wanataka kuongeza gesi.

Marahaba. Usikubali kabla hawajapima. Gesi ya AC haiishi kama mafuta. Ikipungua imevuja, na kuongeza bila kutafuta tundu ni kulipia mara mbili. Tena dalili zako hazianzii kwenye gesi. Gari lenye namba mbili, ya dereva na ya abiria, kwa kawaida lina koili moja na hita moja, ila vilango viwili. Tik-tik ni mlio wa kawaida wa mota ya kilango ambayo meno yake ya plastiki yamelika: inajaribu kusogea, inateleza. Waambie waanze kwa kuitazama mota ya upande wa abiria. Kifaa chenyewe ni kidogo. Kukifikia ndiko kunakoweza kuchukua muda, kwa sababu kwenye baadhi ya magari lazima nusu ya dashibodi ifunguliwe.

Nafikiria gari la umeme. Halina maji ya moto ya injini, joto litatoka wapi?

Kwenye betri ile ile inayoendesha magurudumu. Baadhi yana hita ya umeme, mengine yana pampu ya joto, ambayo ni kiyoyozi kilichogeuzwa kinyume: kinachukua joto la nje, hata kukiwa na baridi, na kuliingiza ndani. Pampu hutumia umeme kidogo zaidi kwa joto lile lile, ingawa faida yake hupungua baridi inapokuwa kali sana. AUTO inafanya kazi vile vile, ila sasa kila nyuzi unayoongeza inakula kilomita zako. Kama gari lina uwezo huo, lipashe joto likiwa bado kwenye chaja, na njiani tumia joto la kiti kabla ya kupandisha namba.