Ataka nimwandikie bure, nikubali?

SWALI: Salaam aleikum dada. Mimi ni kijana wa Kisauni, mchana niko duka la simu Mwembe Tayari na usiku naandika skripti. Juzi nimejuana na jamaa anaandika tamthilia za tivi, kazi zake naziona zikionyeshwa. Akasoma sini zangu mbili akaniambia niko na sikio la dayalogi, sasa ataka nimwandikie epsodi moja kila wiki yeye awe azirekebisha, pesa hakuna kwa sasa na jina langu halitatokea, asema hata yeye alianza hivohivo. Mama asema huyo ataninyonya tu. Halafu niko na stori yangu ya mabaharia wa Lamu, naogopa akiisikia ataichukua. Nifanyeje?

JIBU: Aleikum salaam kakangu. Mamako hajakosea, lakini mimi kabla ya kuuliza pesa ningemuuliza huyo jamaa swali moja: nikishakupa epsodi, nitaona imefanywa nini? Manake kuandika kurasa waweza kujifunza peke yako hapo Kisauni, usichoweza kukijua peke yako ni kwa nini sini yako imekatwa, nani kaikata, na prodyusa alisema nini.

Chukua mfano, umeandika mke na mume wagombana ndani ya feri ya Likoni saa kumi na moja jioni, watu wamejaa pomoni. Kwenye karatasi ni tamu sana. Prodyusa akiisoma aona ruhusa, aona mashini ya feri yameza sauti za waigizaji, aona abiria mia kadhaa watakaotazama kamera, na jua linazama hajapata teki ya pili, yaani kuirekodi tena. Mwandishi aliyezoea atawatoa hao wawili kwenye feri awaweke ndani ya tuktuk iliyokwama kwenye foleni ya kuteremkia, ugomvi uleule, honi za feri zasikika kwa mbali, na pengine sini ikawa kali zaidi kwa sababu sasa hawana pa kukimbilia. Hiyo ndiyo elimu yenyewe, na yapatikana tu ukiwa umeketi pale yakibadilishwa. Ukitumiwa "asante nimepata" kwa WhatsApp kila wiki hujafunzwa kitu, wewe ni kibarua asiyelipwa.

Na usidhani ni shida ya huku kwetu peke yake. Waandishi wa Marekani walipogoma 2023, kuanzia Mei mpaka mwisho wa Septemba, pamoja na mambo ya malipo walilalamika kwamba waandishi wachanga waitwa wiki chache, waandika, halafu waondolewa kabla kamera haijawashwa, kwa hivyo hawajui kitu kuhusu kushuti. Na hao wana chama chenye nguvu.

Sasa pesa. Mwambie epsodi mbili za kwanza utaandika bure kama majaribio, mkae pamoja azipitie mbele yako, na kuanzia ya tatu ulipwe, hata kama ni kidogo. Kazi hii kwa kawaida hulipwa kwa hatua, kiasi ukitoa muhtasari, kiasi ukitoa rasimu ya kwanza, kiasi baada ya marekebisho, na marekebisho lazima yahesabiwe, mara mbili basi, la sivyo utaandika epsodi moja mpaka Ramadhani ijayo. Yaandikeni. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 yasema kazi ukiagizwa kuandika, haki zake zachukuliwa zimehamia kwa aliyekuagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine, kwa hivyo ukinyamaza ushatoa. Lakini haki ya kutambuliwa kwamba wewe ndiye mwandishi sheria hiyohiyo yailinda kivyake, haiuzwi ukiwa hai. Kwa hivyo hilo la jina usione haya kuliuliza, hata kama ni "msaidizi wa mwandishi". Akikasirika kwa kuulizwa tu, basi mamako alikuwa anajua.

Ama stori ya Lamu, hakuna mtu anamiliki mabaharia. Sheria hailindi wazo, yalinda ulivyoliandika, sini, wahusika, maneno yao. Ukiisimulia barazani wakati wa kahawa na mtu akaenda kutengeneza yake, huna kesi. Iandike yote, isajili KECOBO, ile bodi ya hakimiliki ya Kenya, kisha ndiyo umwonyeshe huyo jamaa ama mwengine, na uitume kwa imeili ili tarehe ibaki. Hakimiliki yaanza pale tu unapoiandika, ila cheti chasaidia mkifika kubishana. Na usimpe kama epsodi ya wiki hata siku umeishiwa na kitu cha kuandika!

SWALI: Lazima ninunue ile programu ya bei ghali ya kuandikia skripti? Natumia laptopu kuukuu. Msomaji, Likoni.

JIBU: La. Trelby ni ya bure na haili nafasi, WriterDuet nayo yaruhusu skripti tatu bure. Wanachotazama ni mpangilio: herufi za Courier saizi 12, juu ya kila sini uandike ni ndani ama nje, ni wapi, mchana ama usiku. Ukurasa mmoja ni kama dakika moja kwenye skrini, kwa hivyo filamu ya saa moja u nusu ni kurasa 90 hivi. Ukimpelekea prodyusa kurasa 180 hatafungua.